Kiti cha Nyuma, Upande wa Kulia

Walipoinua kiti cha nyuma, harufu ilitoka kwanza. Ilikuwa harufu ya zile nyuzi za minazi ambazo zamani walijaza ndani ya viti, zimeoza kwa mvua za miaka mingi, pamoja na ukali wa maji ya batri unaokwaruza koo. Wale wanaume wawili wa vyuma vikuukuu hawakusikia kitu. Mmoja alishika msumeno, akaniambia, "Mama, sogea, moto itakurukia." Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa motokari, nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Baba tulimzika mwanzo wa kiangazi. Motokari yake ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba miaka na miaka, kuku wanataga ndani, na ndugu zangu walisema iondoke, inakula nafasi. Ninyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Kikula mnaikumbuka: ile ya mgongo wa mviringo, mota nyuma, mizigo mbele, rangi ya maji ya sombe, yale majani ya muhogo. Tuliiita Fulwe. Ni kobe kwa Kibemba cha Nkambo wangu, na Nkambo kwetu Likasi ndiye bibi. Wangu alikuwa mama yake mama.

Chini ya kiti, upande wa kulia, palikuwa na batri.

Ninakaribia miaka hamsini na sikuwahi kujua kwamba batri ya motokari ile inakaa pale. Nilidhani iko nyuma pamoja na mota, kama mtu yeyote angedhani. Kwenye batri kulikuwa na waya mnene, ule mafundi wanaouita masi, unaoishikamanisha batri na mwili wa motokari. Na waya ule ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani ya gurudumu, mizunguko mitatu, fundo limelala ubavuni. Fundo lile ninalijua. Katika Kikula nzima ni mtu mmoja tu aliyefunga namna ile.

Nilimwambia yule wa msumeno angoje. Nikakaa kwenye vumbi, mwanamke mzima na kitenge cha kilio, nikalia kuliko nilivyomlilia baba.

Mimi si mtu wa shule. Niliishia mwaka wa nne wa primeri, na sababu ya kuishia pale ni mambo haya haya, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kwa njia yangu. Na watu nitawataja majina. Wengine wamekufa, wengine wanawapa watu mkono wa amani kanisani mpaka leo.

Baba alikuwa mtu wa kiwanda. Walipompunguzia siku za kazi, Fulwe ndiye akawa kazi. Wanawake wa sokoni walimtuma Kambove kuleta unga na makaa, alitoa kiti cha mbele, akajaza mifuko pale mpaka kwenye kioo, akarudi taratibu na mwanga mmoja kama chongo. Fulwe akiwaka asubuhi, jioni kuna bukari, ugali wetu, na samaki. Asipowaka, tunakula bukari na chumvi, na Baba hasemi na mtu. Sisi watoto tulijifunza kusikiliza asubuhi tukiwa bado kitandani: kwanza ufunguo, halafu kile kikohozi, halafu mlio. Mlio ukija, Mama alisema "Asante Maria" bila kugeuka kutoka kwenye moto wake.

Jumapili kiti cha mbele kilirudishwa, tukaenda misa. Mama mbele na tumbo lake, maana alikuwa mjamzito. Nyuma, mimi na Nkambo, wadogo zangu wamebanwa katikati. Upande wa kushoto springi ilikuwa imetoboa ngozi ya kiti, inachoma. Nkambo alikunja kitambaa chake mara nne, akakaa pale. Nikisema tubadilishane, alikataa.

"Weye kaa kulia. Ile mahali ni ya bibi arusi. Minye mifupa yangu na springi tunajuana."

Aliniita mbanda wake, yaani mke mwenzake, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike na bibi ni watu wa kutaniana hivyo: wote wawili ni wake za babu. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, iko picha yake tu ukutani. Nkambo akinikuta ninaitazama, alisema, "Mbanda, muangalie kidogo. Ukimumaliza, minye nitabaki na nini?" Alikaanga karanga na kuziuza mlangoni mwa lupango letu, yaani ua wetu, na mkono wake ulikuwa na harufu ya chumvi na moshi. Zile zilizoungua alinipa mimi. Nilizipenda zilizoungua. Kumbukeni hizo karanga.

Masika yale Fulwe alianza ukaidi. Tunapanda wote, Baba anageuza ufunguo: kimya. Hata kile kikohozi hakiji. "Mushuke," anasema, "tusukume." Tunashuka na nguo zetu za misa. Lakini Baba kabla ya kusukuma anajaribu tena, na Fulwe anawaka papo hapo, kana kwamba alikuwa anatutania. Tunacheka, tunapanda, tunaenda, na njiani hazimi hata kidogo. Jumapili ifuatayo, vile vile.

Aliitwa Dede, mekanisye, fundi wetu wa motokari. Dede alikuwa mwembamba, mikono mirefu, na alifunga kila kitu kwa mpira wa gurudumu: bomba, waya, hata kandambili zake. Alikuja siku za kazi, wakati sisi watoto tuko shuleni au tumekaa kwenye ngazi tukimtazama. Alikuwa na njia yake, na aliisema kwa sauti kama katekisimu.

"Motokari ni kama muntu. Inaomba kula, inaomba moto, inaomba kupumua. Ikikatala kuamuka, uliza gani moja inakosa."

Basi aliuliza kimoja kimoja. Alichomoa bomba la esansi, yaani petroli, akavuta kwa mdomo, akatema: chakula kipo. Alifungua bujie, zile plagi za kutoa cheche, akazisugua kwa brashi ya chuma, akailaza moja juu ya chuma na kumwambia Baba azungushe. Cheche ikaruka, ya buluu: moto upo. Alifungua delko, ile inayogawia bujie moto, akakwangua pale panapogusana kwa ule ubavu wa kibiriti. Akapuliza kwenye karburata. Kisha akakaa mbele, ufunguo, na Fulwe akawaka mara moja.

"Patron, haiko na kitu," alimwambia Baba. "Ni weye unaiogopesha."

Alikuja mara tatu. Mara tatu aliikuta nzima.

Mimi nilikuwa nimeshaona jambo. Mtu mzima anaweza kuishi mwaka mzima na kitu mbele ya pua asikione, lakini mtoto anahesabu. Nilihesabu. Nikiwa ndani, hata wengine wakiwa wameshashuka, Fulwe anakataa. Nikishuka, anawaka. Nikirudi ndani akiwa ameshawaka, hazimi. Nilijaribu kuzuia pumzi wakati Baba anageuza ufunguo. Nilijaribu kusema Salamu Maria kwa mpangilio wake na kinyumenyume. Nilijaribu kutofikiria kitu chochote kibaya, na mtoto akijaribu hivyo ndipo mabaya yote yanapomjia. Kimya kile kile. Nikaelewa kwamba ndani yangu kuna kitu ambacho chuma kinakiogopa.

Nilimwambia Nkambo peke yake, tukiwa tunapepeta karanga. Alicheka mpaka ungo ukatikisika.

"Mbanda, uko muzito kuliko unga ya Kambove? Utamuzimishia baba yako motokari?"

Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Usimuambie muntu ile maneno. Unasikia? Hata mama yako."

Sikumwambia mtu. Lakini kulikuwa na macho mengine yaliyohesabu. Hapa ninamtaja wa kwanza: Firmin, mdogo wake baba. Alikuja kutoka Kamatanda shimo lao la madini lilipofungwa, akasema anakaa wiki mbili, akakaa mwaka wa pili. Alilala kwenye benchi la sebuleni, miguu ikining'inia, na kila asubuhi alipita mbele ya chumba cha Nkambo akipima mlango kwa macho. Alimpenda Baba, sitadanganya. Lakini chumba kile alikipenda zaidi.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Maji ya watoto yalikuwa yanachemka, jua limeshapanda juu ya chimni ya kiwanda, Mama akashika ukuta na kusema, "Silivesta, ni saa." Baba akamleta polepole, akamkalisha mbele. Nkambo alibaki na wadogo zangu. Mimi nilipewa beseni na vitambaa, nikatangulia kukaa nyuma, mahali pangu, beseni mapajani. Baba akageuza ufunguo.

Kimya.

Akageuza tena. Majirani wakatusukuma mpaka barabarani na kurudi, bure. Akamtuma mtu kwa Dede, Dede ameenda Kakontwe kwenye lori la mawe. Basi Baba akafanya mwenyewe yote aliyomwona Dede akifanya. Alivuta esansi, akatema. Alifungua bujie zote nne, akachubuka vidole, akazisugua kwa suruali yake. Alikwangua delko kwa kibiriti. Kila alipomaliza moja alikimbia mbele kujaribu ufunguo, na kila alipojaribu nilifumba macho na kusema moyoni, samahani, samahani, samahani. Hakuna aliyeniambia nishuke. Na mimi sikushuka. Niliogopa kuacha beseni. Hapo ninapojitafuta usiku na mchana ni hapo: nilijua, na nilikaa. Mama alikuwa mbele yangu, ninaona shingo yake inavyokaza na kulegea, hapigi kelele, anauma kitambaa.

Jua lilikuwa limefika katikati ya lupango ndipo Firmin akamwambia kaka yake, kwa sauti ndogo, "Yaya, toa ule mutoto."

"Nini?"

"Toa mutoto. Jaribu."

Baba aliniangalia kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwake. "Shuka," akasema.

Nilishuka na beseni. Fulwe akawaka.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa amekufa. Muuguzi alimwambia Baba kwamba mtoto alikuwa amejifunga kamba ya kitovu shingoni, kwamba huenda hata wangefika mapema ingekuwa vile vile. Ninajua alisema, kwa sababu Nkambo alirudia maneno yake kilioni, mara nyingi, kwa kila mtu aliyekaa kwenye mkeka. Hakuna aliyetaka kuyasikia. Muuguzi alikuwa na maneno ya kitovu, Firmin alikuwa na maneno ya motokari, na maneno ya motokari kila mtu wa avenyu yetu alikuwa ameyaona kwa macho yake.

"Mekanisye anasema motokari haiko na kitu," Firmin aliwaambia. "Mara tatu amesema. Basi kama ugonjwa haiko ndani ya chuma, iko wapi?"

Wa pili ninayemtaja ni Pasta Ezekieli. Sisi tulikuwa Wakatoliki, lakini mama aliyepoteza mtoto hasikilizi kengele, anasikiliza anayekuja mlangoni, na Ezekieli alikuja. Kabla ya upasta alikuwa mpakiaji wa mawe Kakontwe, kifua kama mlango, sauti inayotoka tumboni. Aliniangalia machoni muda mrefu. Alisema ninabeba kitu cha uchawi, kwamba mtoto hazaliwi nacho, anapewa ndani ya chakula na mtu wa karibu, na kitu hakitoki mpaka mtoto ataje aliyempa. Kwetu wengi walisema hivyo miaka ile. Kutaja ndiyo dawa. Asiyetaja, anafukuzwa. Niliwajua watoto wawili wasiotaja. Walilala chini ya meza za soko.

Walinifungia kwenye jiko la nje siku tatu, bila chakula. Siku ya kwanza walinitia maji ya pilipili machoni ili nione vizuri, ndivyo alivyosema Pasta. Sitaeleza zaidi. Nilipona, jicho la kushoto linaona nusu. Kila walipouliza nani, nilisema sijui, maana kweli sikujua, na nilitafuta kwa bidii. Nilipita nyumba zote nilizowahi kula.

Siku ya pili, saa za jua kali, wengine wakiwa wamepumzika, nilisikia kikohozi cha Nkambo kwenye yale matofali ya matundu ya kutolea moshi. Alipitisha kitambaa kilicholowa maji, nikakinyonya. Kisha akaleta mdomo wake kwenye tundu.

"Mbanda."

"Nkambo."

"Kesho batakuuliza tena. Bakikuuliza nani alikupa, sema ni minye."

Niliweka sikio kwenye tundu.

"Unasikia? Sema ni Nkambo, ndani ya karanga. Usizunguke. Sema tu."

Ndugu wa rika langu, hapa ndipo kosa langu lilipo, na nimelibeba kuliko Firmin alivyobeba lake. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya pili bila chakula, macho yanawaka. Sikusikia mwanamke mzee anayetoa shingo yake. Nilisikia mtu anayekiri. Karanga! Kwa nini sikufikiria karanga? Zile zilizoungua, alizochagua kwa mkono na kunipa mimi peke yangu. Nilikirudisha kile kitambaa nje kwa tundu, na nikarudi nyuma mpaka ukuta wa pili.

Siku ya tatu lupango lilijaa watu mpaka barabarani. Pasta Ezekieli alisema kitu hiki lazima kishikwe mahali kinapofanyia kazi yake. "Mumuweke mahali yake." Wakanikalisha Fulwe, nyuma, kulia. Dede aliitwa ageuze ufunguo mbele ya watu wote, maana yeye ni fundi, hana upande.

Ufunguo: kimya. Watu wakavuta pumzi, "eeeh," kama upepo kwenye mahindi.

Dede alijaribu honi. Kimya. Akawasha mwanga, akainua shingo kutazama ukutani. Hakuna mwanga. Kisha akageuka, akaniangalia. Akaangalia magoti yangu, halafu chini ya magoti yangu, muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. Nilijua anakiona kile kitu ndani ya tumbo langu.

Pasta alinitoa, akanipigisha magoti mbele ya motokari, akaweka mkono kichwani pangu. Kila mtu akafumba macho na kuinua mikono. Kelele ilikuwa ya kutisha. Katikati ya kelele akaniinamia.

"Nani alikupa?"

"Nkambo."

"Ndani ya nini?"

"Karanga."

Watu wakageukia jiko. Nkambo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na ungo wake. Aliuweka chini, taratibu, bila kumwaga hata punje moja.

"Eeh," alisema. "Ni minye. Muache mutoto."

Niliona Mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, bado ana maziwa yasiyo na wa kuyanyonya, na huyo aliyesema "ni minye" alikuwa mama yake mzazi. Alifungua mdomo. Akaufunga. Wa tatu ninayemtaja ni Mama, ingawa mkono unakataa kuandika.

Wakanirudisha ndani ya motokari. Dede akafuta mikono, akageuza ufunguo, na Fulwe akawaka nami nikiwa ndani, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Watu walipiga magoti kwenye matope. Baba alilia. Mimi pia nililia, kwa furaha. Sikuwa na kitu tena.

Jumamosi Nkambo aliondolewa, kwenda kwa kaka yake, kijiji kilicho mbele ya Kambove. Walimpeleka kwa Fulwe. Yeye aliomba jambo moja tu: niwasindikize. Baba hakutaka. Nkambo alisema, "Muache akuye. Akae mahali yake." Akakunja kitambaa mara nne, akakaa kushoto, juu ya springi. Mimi kulia, nimejibana mlangoni nisiguse nguo yake.

"Washa," alimwambia Baba.

Ikawaka. Nkambo akanigeukia akatabasamu. "Unaona, mbanda? Weye uko muzuri."

Nilitazama nje. Njia nzima, kila shimo la barabara, nilisikia springi ikilia chini yake. Tulipofika alishuka na kifurushi chake, akafungua fundo la kitenge, akanipa karanga, mkono umejaa. Zilikuwa zile zilizoungua. Nilipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Kulikuwa na mbuzi kando ya njia. Nilizimwaga zote mbele ya mbuzi, nikapangusa mikono kwenye gauni.

Aliona. Alisimama pale na mzigo wake na aliona.

Sikumwona tena. Alikufa kabla ya mahindi ya mwaka ule kukomaa, na Baba alikwenda peke yake kumzika. Firmin alihamia kwenye chumba chake wiki ile ile tuliyompeleka. Shuleni wazazi wengine walikataa watoto wao wakae benchi moja nami, nimetakaswa au hapana, na mwalimu akamwambia Mama nipumzike kidogo. Bado ninapumzika.

Nilikua nikiamini mambo mawili: kwamba niliwahi kubeba kitu, na kwamba Nkambo ndiye aliyenipa. La pili lilianza kulegea nilipopata binti yangu mwenyewe, alipofika miaka tisa. Usiku mmoja anaumwa nilimwambia Mungu anichukue mimi, na maneno yale yalipotoka mdomoni niliyatambua. Nilikuwa nimeshayasikia kwenye tundu la tofali. Lakini hata hapo sehemu yangu moja ilisema: na motokari je? Motokari ilikataa. Ulihesabu mwenyewe.

Ndiyo sababu, siku walipomkata Fulwe, nilichukua ule waya. Kesho yake nilikwenda kwa Dede. Bado yupo, pale njia ya Kakontwe, mzee, jicho moja limefunga ukungu, anafungua bujie kwa kupapasa. Nilimpa pole za uzee, akanipa pole za Baba.

"Fulwe iko?" aliuliza.

"Bameikata, Papa Dede."

Niliweka waya mkononi mwake. Aliupapasa, akafika kwenye fundo, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa kicheko. "Kumbe ilidumu."

"Ulifunga lini?"

Kicheko kikaisha. "Ile siku ya maombi. Bote balifunga macho. Minye sikufunga."

"Kulikuwa na nini?"

"Kiti." Alionyesha kwa viganja, kimoja juu ya kingine. "Masi ilikuwa imelegea, imeota chumvi. Muntu akikaa juu, chuma ya kiti inasukuma waya, inaachia. Akitoka, inarudi. Mota ikishawaka, dinamo inaibeba, haizimi tena. Minye mara zote nilijaribu peke yangu, mbele, nyuma hakuna muntu. Itakatala namna gani? Ile siku niliona honi imekufa, mwanga imekufa, nikasema, ah, haiko bujie, ni batri. Na batri iko chini ya huyu mutoto."

Kwa hiyo hakuwa akitazama tumbo langu.

"Juu ya nini haukusema, Papa Dede?"

"Niseme kwa nani? Pasta anapiga kelele, baba yako analia, bantu beko mupaka barabarani. Nikawaza, motokari ikiwaka, bataacha mutoto. Ikawaka. Baliacha mutoto."

"Na Nkambo?"

Aliuzungusha ule mpira kidoleni. "Ile ya Nkambo sikuisikia. Kichwa yangu ilikuwa chini ya kiti."

"Lakini kesho yake ulisikia."

Kulipita lori, vumbi likatufunika, likatulia.

"Kesho yake, eeh," alisema.

Basi wa nne ni Dede, na yeye peke yake ndiye aliyekubali mbele yangu. Firmin amekufa. Ezekieli ana kanisa la matofali sasa, na akinikuta sokoni ananiita binti yangu. Nilidhani nikishawataja wote nitapumua. Sijapumua. Jina la Nkambo nilitumwa nilitaje, na nililitaja sawasawa alivyoniambia, bila kuzunguka. Kwa hilo sijuti. Ninajuta kwamba nililiamini. Alinipa uongo wa kunifungulia mlango wa jiko, mimi nikauchukua kama kweli nikamtupia mbuzi karanga zake.

Wale wa vyuma walichukua Fulwe wote vipande vipande. Niliwaomba kiti cha nyuma, wakaniona mwanamke wa ajabu, wakaniachia. Kiko barazani kwangu. Nyuzi zinatoka, mvua ikija harufu inapanda. Wajukuu wangu wamegombania upande wa kulia mpaka nikawawekea zamu, maana upande ule bado ni laini, unabonyea vizuri. Jioni wakishachoka na kuondoka, ninakaa mimi. Ninakaa kushoto. Springi iko pale pale, na sikunji kitambaa.